Jina la Marehemu wa Lakambini

Benchi la kiduka cha Aling Tasing, yaani Mama Tasing, liko mkabala na geti la Lakambini, ambayo mtaa mzima huu wa Quezon City unaiita Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Ilianza na filamu, ikaingia kwenye tamthilia za televisheni, ikarekodi nyimbo, ikauza kanda za video na baadaye diski. Kila ilipohitaji mtu wa kupigwa risasi, kuzimia sokoni au kulia msibani, ilimtuma kijumbe avuke barabara mpaka kwenye benchi hili. Benchi lenyewe lilizaliwa na mwiko. Mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia mahali kwanza, kifo kisije kikamfuata hadi kitandani. Waigizaji waliona heri wasibahatishe, hata kama jeneza lilikuwa la kuazima na maiti alikuwa anatafuna karanga. Wakishazikana walikuja kwa Aling Tasing, wakachovya mikate midogo ya pandesal kwenye kahawa ya pakiti, ndipo wakatawanyika. Hapo ndipo walipobatizana majina ya kazi zao, na majina yakawaganda.

Asubuhi hiyo Choleng aliwahi kuliko wote. Huyu ndiye Machozi, aliyelia katika mazishi yote ya Kampuni tangu kanda za video zilipokuwa kitu cha kuringia. Jana yake binti mmoja wa Kampuni, Lyka, alikuwa amepita na habari: filamu moja ya zamani inasafishwa ionyeshwe upya, na safari hii mwishoni yataandikwa majina ya wote walioonekana au kusikika, hadi aliyepita nyuma na kapu la samaki. Choleng hakulala vizuri. Hakuwa akiliwaza jina lake. Aliliwaza la Marehemu.

Marehemu alikuwa maiti wa Kampuni. Hakuna aliyejua kulala ndani ya jeneza kama yeye. Alikuwa akibana pumzi mpaka watu wa taa wanapiga ishara ya msalaba. Walimwita Marehemu akiwa mzima wa afya, anacheka, wanamwambia kahawa yake inapoa. Kisha akarudi kwao kisiwani Samar, na mwaka jana dereva wa basi akaleta habari kwamba amekufa kweli na amezikwa huko Calbayog. Choleng, aliyekuwa amemlilia mara nyingi kwa kuamriwa, siku hiyo hakutoa hata tone. Alimpenda, na hakuwahi kumwambia, maana kila alipomkaribia, mwenzake alikuwa amefumba macho na kamera inazunguka.

– Lake litakuwa la kwanza – Choleng aliwaambia wenzake wawili kabla hawajakaa. – Mbele ya nyota wao.

– La kwanza sahau – alisema Risasi, ambaye amedondoshwa kutoka kila paa la jiji hili. – Tushukuru likiwepo.

– Litakuwepo. Nitakaa hapa mpaka liwepo.

Wa tatu wao, Makofi, alivuta kikombe. Yeye hakuonekana hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupiga makofi mbele ya kinasa sauti kila tajiri wa tamthilia alipomzaba mkwewe.

– Nyie mnauliza majina – alisema. – Mimi nauliza, kwa nini leo? Miaka yote hatukuwa na majina. Nawaambia, wanauza filamu ng'ambo. Kule ukionyesha sura ya mtu bila jina unashtakiwa. Shemeji yangu yuko Dubai, anajua.

– Shemeji yako anapika hotelini.

– Na habari zote zinapitia hotelini.

Risasi alitikisa kichwa. Akasogea karibu na kushusha sauti.

– Si ng'ambo. Bosi mpya wa Kampuni anaogopa. Mlinzi ameniambia mwenyewe, jengo la nyuma kuna watu wanatembea na matundu kifuani. Hao ni sisi, bwana. Tumekufa mno bila kuandikwa popote. Kasisi kamwambia, asiye na jina haombewi, na asiyeombewa halali.

– Lakini wewe uko hai.

– Niliye hapa niko hai. Wale mia niliokufa je?

Aling Tasing, kutoka nyuma ya nondo za kiduka chake, aliuliza kama haiwezekani kwamba Kampuni imeamua tu kutenda haki. Walimcheka mpaka akarudi kupanga sabuni zake.

Makofi hakupenda kupitwa. Alieleza kwamba kuna mashine, kwamba ukishaiandikia mashine jina na sura, inakutengeneza wewe mwingine, na huyo mwingine anapigwa risasi, analia na kuzabwa makofi huku wewe uko kwako umelala.

– Na ile sahani ya wali ya mchana? – aliuliza Risasi.

– Anakula huyo mwingine.

Hilo lilimuumiza Risasi kuliko mizimu. Alianza kuhesabu sahani kwa vidole, na Choleng akatumia nafasi hiyo.

– Waniingize kwenye mashine, waniingize kwenye pasi ya umeme, sijali. Jina la Marehemu litaandikwa. Likiachwa, nalala pale getini, na mnajua nikianza kulia sikomi.

Lyka alivuka barabara jua likiwa limeshapanda. Aliwaamkia mmoja mmoja kwa heshima, akakaa ukingoni mwa benchi, akaomba majina yao kamili. Choleng alisema bila kusita: Soledad Buenaflor, ambalo Choleng ni kifupi chake. Risasi alijikuna shingo, akatamka taratibu: Hermogenes Tolibas. Makofi alicheka hadi kahawa ikamwagika, mpaka zamu yake ilipofika ikabidi aseme kwamba yeye ni Primitivo. Wamekaa bega kwa bega miaka na miaka, na ndiyo kwanza wanafahamiana.

Kisha Lyka akatoa picha, kipande cha filamu ile. Jeneza liko wazi, Choleng kijana kalalia kifua cha mtu mwenye pamba puani.

– Na huyu?

– Marehemu – walijibu wote kwa pamoja.

– Hilo naliona. Jina lake nani?

Risasi alimtazama Makofi. Makofi alisema anadhani linaanza na R, kisha akasema pengine si R. Aling Tasing alikiri kutoka dirishani kwamba hata yeye hajui. Makofi akapendekeza liandikwe hilo hilo, Marehemu, maana mwenyewe alikuwa akiliitikia. Lyka alisema kwa upole kwamba linawezekana, kwa kuwa orodha ya majina inafungwa Ijumaa.

– Usiandike hilo – alisema Choleng. – Kila mfu ni marehemu.

Uso ulimwaka kwa aibu. Alikuwa amemlilia mtu yule sikioni kabisa, akimwita Don Fulgencio, akimwita kapteni, akimwita baba wa wanangu, kila jina alilopewa kwenye karatasi. Halikumjia hata mara moja wazo la kumuuliza lake.

Alisimama, akafunga mkoba wake, akaomba ile picha. Basi la Samar linatoka kituo cha Cubao mchana. Akipanda leo, Ijumaa haitamkuta huko. Risasi alimkumbusha magoti yake, tena akamkumbusha kwamba kule mbele basi linapanda kivuko na bahari ya Matnog haina adabu. Choleng alimwambia Hermogenes amalize kahawa yake.

– Aling Choleng – aliuliza Lyka – ukifika Calbayog, utamuulizia nani?

Makofi, mwenye maelezo ya kila kitu, alitazama mabaki ya kahawa ndani ya kikombe.

– Nitawaonyesha hii – alisema Choleng.

Lyka aliitazama tena picha, akasema kwa huruma kwamba hapo mzee amefumba macho, tena ana pamba puani. Nani atamjua?

– Waliomzika – alisema Choleng. – Wao walimwona hivi hivi.