Safu Saba za Sweta la Buluu

“Fumua safu zote saba!”

“Sifumui hata moja.”

“Umelegeza kupita hata jina lako!”

“Na wewe umekaza mpaka uzi unaomba maji. Fuma, tuendelee.”

Huo ndio mzozo wa mwisho wa marehemu, ambaye sote tulimwita Legeza, na ulikuwa umedumu miaka hamsini na mitano. Aliyemfokea ni rafiki yake, Kaza. Legeza alifuma vitanzi vya kupitisha kidole. Kaza naye alifuma masweta yaliyobana hivi kwamba mvua ikigonga inaomba radhi na kurudi ilikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1948, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka lao. Mkunga aliapa kwamba mtoto alitoka ameshika uzi. Mkunga huyo alikuwa muongo anayejulikana, lakini kwa hili familia imeamua kumwamini.

Alisoma shule ya msingi miaka saba. Hesabu zilimpiga chenga. Darasa la sita alianza kufuma skafu akasahau kuikomesha. Ikatoka mlangoni, ikazunguka bomba la maji, na mwalimu mkuu akaitumia kuwapanga watoto mstari.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika chumba cha ushoni cha hospitali, chenye dirisha moja na cherehani mbili za miguu, akatia viraka shuka za wagonjwa kwa miaka thelathini na saba. Cherehani ya pili ilikuwa ya Kaza. Waligombana siku ya kwanza, na Jumamosi ya wiki ile ile Kaza akamfuata nyumbani na sindano zake, ati akamwonyeshe kazi inavyofanywa. Hakukosa Jumamosi tena. Majirani wakaongezeka, pamoja na mlinzi mstaafu ambaye vitambaa vyake vya meza viliwatia wanawake wivu, mpaka viti vikaisha na watu wakakalia ndoo.

Ni chumba hicho cha ushoni kilichompa mume. Mpeleka barua alikuja na mkono wa shati umechanika, akasema ni msumari wa geti. Legeza akaushona. Jumanne iliyofuata msumari ukamchana tena, pale pale. Mara ya tano Legeza akalikagua shati. “Kaka, geti gani hili linalokata kwa mkasi?” Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1970.

Tarehe 3 Februari 2021 kiharusi kilimwangusha jikoni, na mkono wa kulia ukafa ganzi. Alipotoka hospitali alimwita binti yake. “Mwanangu, kapu la nyuzi mpelekee Kaza. Na Jumamosi waambie wasije. Sitaki kukaa katikati yao kama mtungi.” Alilia siku hiyo, naye hakuwa mtu wa kulia.

Kapu lilirudi kabla chai haijapoa, likiwa kichwani kwa Kaza. “Nani kakwambia kwangu ni jalala?” Akavuta kiti upande wa kulia wa kitanda, akamshikisha mwenzake sindano ya kushoto, ya kulia akaishika mwenyewe. “Mkono mmoja wako, mmoja wangu. Tuone.”

Safu ya kwanza iliwachukua Jumamosi mbili, na matusi yasiyoweza kuchapishwa hapa. Huyu anavuta, yule anaachia. Kufikia Aprili vitanzi vilitoka sawasawa, havibani wala havipwayi. Hakuna kati yao aliyewahi kufuma vizuri hivyo peke yake. Lilikuwa sweta la buluu, la mzee, mumewe.

Jumamosi tarehe 19 Juni, saa kumi jioni, mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umebaki kidogo uishe. Safu saba za mwisho zilikuwa zimepwaya, kwa kuwa vidole vya Legeza vilikuwa vinachoka, jambo ambalo Kaza hakutaka kulijua. Ndipo ukaja mzozo ule. Kaza akainamia kazi, akaendelea kufoka, wala hakugundua kwamba hajibiwi. Mume akaingia na vikombe viwili vya chai.

“Shemeji, afadhali umekuja,” Kaza akasema bila kuinua kichwa. “Hebu mwambie mkeo kwamba—”

Akamwona mzee anavyokitazama kitanda. Akamgeukia Legeza.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wana wawili wa kiume, wajukuu sita, viti vinne, ndoo tatu, na Kaza. Jumatatu Kaza alimalizia mkono ule peke yake. Safu saba hakuzifumua. Mzee amelivaa sweta leo. Akisimama karibu yako, tazama juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto, utaziona.

Mungu ampumzishe mahali pa upole, asimkaze.