Wasifu wa Faustina Luvanda, Aliyekataa Kutubia Mimba Isiyokuwepo

Marehemu Faustina Luvanda, tuliyezoea kumwita Mama Goodness, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Ifunda, Iringa, mtoto wa tatu wa Mzee Rabson Luvanda. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Philbert. Alinibeba mgongoni akiwa na miaka saba, na tangu hapo sikumbuki kumwona amekaa chini muda mrefu.

Alisoma shule ya msingi hapo Ifunda kuanzia 1983 hadi 1989, akapata kipaimara mwaka uliofuata. Kazi yake ilikuwa vitunguu: alivifuata Ruaha Mbuyuni, akaviuza Mafinga. Baadaye akaongeza sungura nyuma ya nyumba. Kila sungura alikuwa na jina, na siku ya kuchinja dada alisingizia kichwa kinamuuma ili mtu mwingine ashike kisu.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Saulo Kihongosi, mpasua mbao wa Mafinga. Walijaliwa Goodness na Timotheo. Saulo alifariki mwaka 2015, na dada hakuolewa tena.

Nije kwenye ugonjwa, maana najua wengi mnasubiri hapo. Juni 2021, akiwa na miaka arobaini na saba, alipata kizunguzungu na siku zake zikakatika. Kipimo cha damu kikasema ana mimba. Mhudumu akampongeza mbele ya foleni nzima. Dada alicheka. Hadi jioni, mtaa mzima ulishajua.

Kipimo kikarudiwa mara mbili, jibu lile lile. Ultrasaundi haikuona mtoto. Madaktari wakahofia saratani, maana ipo inayoonyesha mimba kwenye damu. Mtaani wakasema ameitoa. Wazee wa usharika wakamtenga na meza ya Bwana. Mzee wa kanisa Eliezeri alikuja nyumbani, nami nilikuwepo.

"Mama Goodness, damu inaweza kudanganya?"

"Damu haijasema kitu, mzee. Imesema mashine."

Novemba, hospitalini Mbeya, daktari mmoja alifanya jambo jepesi: alipima mkojo. Hakuna mimba. Akapeleka damu ile ile kwenye mashine ya aina nyingine. Hakuna. Akatueleza kwamba damu ya dada ilikuwa na kingamwili zinazonasa kwenye dawa ya kipimo, na mashine inahesabu kunasa huko kama mimba. Kwenye mkojo hazipiti. Labda zilitokana na kuishi na sungura, labda sivyo, hakuwa na hakika. Saratani nayo haikuwepo. Akaandika barua.

Wazee waliipokea, wakasema utaratibu ni utaratibu: asimame mbele ya usharika, atubu, arudi kundini.

"Nitubu nini?" dada aliwauliza. "Nimwongopee Mungu ili niwaridhishe nyie?"

Nasema wazi, hata mimi nilimsihi akubali yaishe. Siku hiyo alininyima chai.

Miaka mitatu na nusu alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, wenzake wakienda kushiriki. Waliomkwepa barabarani aliwawahi kwa sauti na salamu ya Kihehe, "Kamwene!" mpaka wakaitika. Lakini nyumbani alikuwa hatulii, anafagia palipokwisha fagiwa. Iliniuma, na inaniuma sasa hivi nikisoma.

Tarehe 3 Mei 2025 alipata kiharusi, akafariki tarehe 6 Mei hospitalini Iringa. Nilishauriwa wasifu huu useme tu "aliugua kwa muda mfupi". Nimeshindwa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Goodness na Timotheo, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake. Mtoto mwingine hakutungwa, hakutolewa, hakuwepo. Mzee Eliezeri, uko hapa, na kitabu cha usharika unacho. Tunaomba uandike hivyo kabla hatujafukia.

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi tunasubiri, tumesimama.