Mashavu binti Gharibu, Aliyedai Malipo Sawa Matopeni

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyie mliokosa nafasi chini ya turubai. Mie ni Tabu binti Gharibu, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Nimeambiwa nisome wasifu huu sasa hivi, kabla dada hajaoshwa, maana mwosha tuliyemwagiza Bungu pikipiki yake imekwama njiani kwa matope. Najua mnachojiuliza. Hapa Nyamisati anayeosha maiti za wanawake ni Zuhra, na Zuhra yule pale, kakaa peke yake ukingoni mwa ua. Marehemu aliacha wasia kwamba Zuhra asimguse. Kwa nini, nitafika huko. Karatasi mliyogawiwa kaichapisha Nurdini, mwanawe marehemu, leo asubuhi mjini Kibiti, na habari hiyo humo hamna.

Marehemu Mashavu binti Gharibu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Salale, visiwani, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gharibu, mkata boriti za mikoko, na marehemu Bi. Zamda. Mama alikuwa akisimulia kwamba neno alilolijua mapema kuliko yote lilikuwa "nani?" Ukimpa muhogo, nani kaumega? Ukimfunika shuka, nani kailalia? Mama alicheka mpaka akachoka, akadhani yatakwisha akikua. Hayakwisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza la saba mwaka 1980, katika shule ya msingi ya kisiwani huko huko. Enzi hizo wasichana walitolewa darasani kwenda kufagia nyumba ya mwalimu, wavulana wakabaki na hesabu. Siku moja marehemu akanyoosha kidole. "Mwalimu, mtihani wa kufagia tunafanya lini?" Alikula viboko vinne. Wiki iliyofuata mwalimu akaanza kupanga zamu, wavulana nao wakashika ufagio. Wenzake walifurahi, yeye hakufurahi. Alisema huyu mwalimu lazima kuna kitu anakitafuta.

Mwaka 1985 aliolewa hapa Nyamisati na marehemu Bwanaheri, naye mkata boriti, mtu mpole kupita kiasi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Bwanaheri alifariki mwaka 2012, na marehemu akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi. Shemeji zake walipokuja kumsomea karatasi ya mgawo wa mirathi, aliwasikiliza kutoka nyuma ya pazia, kisha akasema, "Ahsanteni. Sasa isomeni tena, ila mwanzie chini mje juu." Wakaisoma. Kufika katikati, likaonekana shamba la minazi lililokuwa limerukwa. Shemeji, mpo hapa, mnanisikia, wala sina haja ya kuwataja.

Kuhusu kazi yake, hapo ndipo wengi mnapomjua. Mwaka 2018 ulikuja mradi wa kupanda mikoko. Wanawake tulikwenda kuokota mbegu, tukazibeba kwa vikapu, tumezama tope mpaka mapajani. Wanaume walizipokea, wakazichomeka. Mwanaume alipewa elfu kumi na mbili kwa siku, mwanamke elfu saba. Msimamizi, Bwana Ridhiwani, alieleza kwamba mikoko ni kazi ya wanaume tangu enzi za boriti, akina mama wanasaidia tu. Marehemu akamuuliza, "Na tope nalo linajua kwamba mie nasaidia tu?" Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Bwana Ridhiwani naye yupo leo, kavaa kanzu nyeupe. Karibu, bwana. Kaja na magunia mawili ya mchele na kaomba aseme neno. Nimemkatalia. Miaka yote ile hakuwa na neno zuri kwa dada, leo limetoka wapi?

Agosti 2020 wanawake tulikubaliana kugoma. Ilikuwa katika unyago wa binti wa jirani, ndani ya nyumba ya mwali, maana hapo hakuna mwanaume anayethubutu hata kuchungulia. Ngoma ilipigwa nje, ndani tukapanga. Siku ya kwanza ya bamvua, maji yanapokupwa sana na kazi inapokuwa kubwa, mwanamke yeyote asishuke matopeni mpaka malipo yawe sawa. Tulikuwa thelathini na mmoja. Tulishikana mikono kwamba neno hili halitoki humu, hata kwa mume.

Siku ya bamvua kulipopambazuka, lori lilikuwa limeshafika kutoka Ikwiriri limejaa vibarua. Bwana Ridhiwani alikuwa akitusubiri, anatabasamu. Alituambia sote thelathini na mmoja turudi nyumbani, na msimu ule wote hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa kazini. Wapo waliouza kuku wao wote. Mmoja alimtoa mtoto shule.

Basi kuna mtu kasema. Nani? Marehemu hakulala. Akapita nyumba kwa nyumba, anauliza, anatazama watu machoni. Ikajulikana kwamba jioni ya kuamkia bamvua Zuhra alionekana kwenye ofisi ya msimamizi. Zuhra, shoga yake kipenzi, waliochezwa unyago pamoja kule kwetu Salale! Zuhra akaapa kwamba alikwenda kuomba boti, mkwewe alikuwa na uchungu wa kujifungua. Na kweli mkwewe alijifungua usiku ule. Marehemu akamjibu, "Boti uliipata haraka mno." Ikawa ndio basi. Hakumpokea mkono tena. Harusi ya mwanawe Zuhra hakuhudhuria, na wengine sote tukamfuata yeye. Kisimani Zuhra akifika, ndoo zinanyanyuliwa, watu wanakumbuka kazi za nyumbani.

Mwaka 2022 marehemu aliandaa mgomo wa pili, na mara hii hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia. Alfajiri ya bamvua alitupitia mlangoni mmoja mmoja: beba kikapu, twende. Tulipofika akaketi ukingoni na kikapu chake mapajani, nasi tukaketi. Maji yakapwa, tope likawa wazi. Bwana Ridhiwani akatazama saa, akatazama maji. Lori la Ikwiriri lisingewahi.

"Mama Nurdini, mnataka nini?"

"Unachompa mwanaume."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia maji haya haya."

"Sawa, nitaandika kesho."

"Andika sasa," akasema, akafungua pindo la kanga. "Kalamu hii hapa."

Akaandika. Malipo ni sawa mpaka leo, na wanawake walikuja kutoka Bungu na Umwe kumuuliza alifanyaje. Aliwajibu, lakini kwanza aliwauliza ni nani kawatuma.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2023. Mwaka jana figo zikashindwa, akatibiwa Kibiti na Dar es Salaam. Alifariki jana Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa kumi jioni, akiwa na miaka hamsini na tisa. Nilikuwa naye peke yangu. Saa nane alinishika mkono, akasema, "Tabu, nikifa Zuhra asinioshe. Mikono yake siiamini."

Nikamwambia, "Haya, dada."

Karatasi ya Nurdini imeishia kwenye saa ya kifo. Yanayofuata hayakuandikwa. Shehe, naomba uniache nimalize. Husseini, mume wangu, usiniashirie nikae. Miaka mitano na nusu umeniambia ninyamaze, yatapita. Hayakupita.

Aliyetoa siri ni mimi.

Husseini alikuwa mmoja wa madereva wa boti za mradi, na kila siku ya kazi aliamka saa tisa kwenda kuchukua akina mama. Usiku ule alikuwa anakohoa. Nilimwonea huruma, jamani, huruma tu. Nikamwambia, "Kesho lala, mume wangu, usijihangaishe, wanawake hatushuki." Basi. Sikuwa na nia nyingine, wallahi. Yeye akatoka saa ile ile kumwarifu msimamizi, asije akaonekana mzembe. Kulipopambazuka, nilipoliona lile lori, nilijua. Nikasimama na wenzangu, nikapiga kelele kuliko wote: nani kasema? Nani?

Dada alipomshuku Zuhra, moyo wangu ulitulia. Naona aibu kulisema hili mbele yenu, lakini ulitulia. Siku moja kisimani Zuhra alinitazama, akaniambia taratibu, "Tabu, mimi najua sikusema. Na wewe?" Nikamjibu kwamba nimeacha wali motoni. Wala sikuwa nimepika.

Dada alimshuku kila mtu duniani, mpaka shemeji zake, mpaka mwalimu wake. Mimi hakunishuku hata siku moja. Chakula changu alikula bila kuuliza nani kapika. Na jana, amenishika mkono, nilikuwa na nafasi ya mwisho, nikasema "haya, dada." Radhi yake nimeikosa kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa hakuna wa kunipa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Nurdini, Habiba na Yasmin, na wajukuu saba. Ameacha wanawake ishirini na tisa waliokaa naye ukingoni siku ile. Ameacha mdogo wake, aliyemdanganya. Na ameacha shoga yake, Zuhra, ambaye hakumkosea chochote. Nurdini, hilo uliongeze kwenye karatasi, na jina la Zuhra uliandike juu ya langu.

Mola amjalie dada yetu mapumziko yasiyo na shaka na mtu.

Zuhra, inuka, mwenzangu. Yule wa Bungu tutampigia simu arudi. Wasia wa dada ulitokana na uongo wangu, na dhambi ya kuuvunja naibeba mimi. Maji yako tayari ndani, sanda iko juu ya kitanda, Habiba na Yasmin watakushikia pazia. Mimi siingii. Ukishamaliza kumwosha, mwambie wewe kwamba ni mimi. Wewe atakuamini.