Mlango wa Silvère Ukutani Gikondo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama betri zenu zimechoka, zianikeni juani kidogo, nitawasubiri.

Leo tunamkumbuka Silvère Mutsinzi, mchoraji. Amefariki Alhamisi, tarehe mosi Desemba, kwa malaria. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Ndiyo, Silvère yule yule, wa mlango wa Gikondo, hapa hapa Kigali.

Kwa wasioujua: ubavuni mwa gereji ya Norman kuna mlango, umeachwa wazi nusu. Ndani unaona mkeka, vibuyu vya maziwa na kile kigiza cha nyumba yenye ubaridi. Nje kuna benchi. Nyoosha mkono sasa, ugonge saruji. Mlango hakuna. Ni rangi tupu.

Kuku wa jirani walikuwa wakija kulala humo. Mbuzi watatu walivunja pembe wakitaka kuingia. Norman anasema ni mbuzi mmoja. Haya, yeye achukue wake mmoja, mimi nabaki na wangu wawili.

Silvère alizaliwa Kicukiro. Mwaka wa sabini na tatu, akiwa na miaka kumi na miwili, mjomba alikimbia naye Burundi kuokoa roho zao. Dada yake, Kabagwira, alibaki na bibi yao. Kule Bujumbura alijifunza mwenyewe kuchora mabango ya maduka. Huku dada aliandika barua. Ya mwisho ilifika Februari mwaka huu. Aprili mauaji yakaanza. Barua hazikuja tena.

Agosti, Silvère akarudi. Alikwenda Kicukiro, akakuta msingi wa nyumba na majani yameota sebuleni. Akauliza kushoto, akauliza kulia. Waliomjibu walikuwa wageni kama yeye.

Basi akaomba ukuta kwa Norman, mtu aliyekulia Uganda. Akachora nyumba yao. Rangi hazikupatikana, akachanganya masizi, chokaa na udongo mwekundu. Siri yake ilikuwa kivuli. Alikipima kwa jua la saa tisa alasiri, kwa hiyo saa tisa ndipo mlango ulipodanganya watu vizuri zaidi. Saa hiyo yeye alisimama ng'ambo ya barabara, kila siku, akiwatazama wapitao.

Siku moja alipita mama Daphrose, muuza maziwa. Ninyi mnajua, kwetu hupiti mlango ulio wazi bila kusalimu.

"Mwiriwe!" Kimya. "Mwiriwe, wenye nyumba!" Kimya. Mama akatua chombo chake. "Watu gani hawa! Wananisikia na hawaitiki!"

"Mama," Silvère akamwambia, "hao hawawezi kuitika. Ni rangi."

"Rangi? Mlango iko wazi hivi, unaniambia rangi?"

Akagusa ukuta. Alicheka mpaka akakaa chini. Norman naye akatoka na spana mkononi: "Unaona, Silvère? Wateja wanabisha kwako, mimi niko hapa nangoja!"

Daphrose akajifuta machozi. "Umechora vizuri, mwanangu. Hakuna kitu umekosea."

Hapo uso wa Silvère ukasawijika. Norman anaukumbuka mpaka leo.

Maana kosa lilikuwepo, wasikilizaji. Alilichora makusudi. Benchi la mama yao lilikaa kushoto kwa mlango, kwa sababu paa lilivuja kulia. Silvère mtoto alilisogeza kila mara, na Kabagwira alimgombeza kila mara. Ukutani, Silvère akaliweka kulia. Alikuwa anasubiri mtu mmoja tu asimame pale na kumgombeza.

Binamu yake, Générose, waliyerudi naye kutoka Burundi, ametuambia hivi: "Nilimwambia, andika tu jina lake, kwa herufi kubwa. Akanijibu, 'Siku hizi watu wanaogopa kusikia wakiitwa. Lakini Kabagwira hawezi kupita kosa langu akanyamaza.'"

Walimsifu Septemba. Walimsifu Oktoba. Kila aliyemsifu alikuwa mtu mwingine asiye Kabagwira. Novemba homa ikampata, na bado alijiburuta hadi ng'ambo ya barabara. Générose anasema, "Nilimfuata nimrudishe kitandani. Akasema, ngoja kidogo, kuna mama anaangalia benchi." Yule mama alikuwa anatafuta pa kupumzika.

Wasikilizaji wapendwa, tuwaze pamoja. Mji wetu umejaa watu wanaotazama nyuso za wapitaji. Ukimwona mtu amesimama ng'ambo, saa ile ile, siku baada ya siku, usimpite. Muulize anamsubiri nani.

Tunawapa pole wafiwa. Mnajua desturi yetu ya kusoma majina ya ndugu wa marehemu, na mnajua huwa nalalamika kuwa orodha ni ndefu. Ya leo naisoma polepole.

Habari hizi zimfikie Générose, binamu wa marehemu, huko Kagarama.

Zimfikie Kabagwira, dada wa marehemu, popote alipo.

Nimegeuza karatasi. Nyuma hakuna kitu.