Tumbaku ya Kupunguza Mtoto

Basi la Korogwe lilipoondoka Sindeni, binti mjamzito aliyeketi mbele ya Mhina alianza kusokota tumbaku. Mama aliyekaa naye akamwuliza, "Mwanangu, unavuta na tumbo hilo?"

"Navuta kwa ajili yake, mama. Wa kwanza alikuwa mkubwa, akakwama, akafa. Mama mkwe anasema moshi unampunguza mtoto, atapita vizuri."

"Kumpunguza, unampunguza kweli. Mimi nilivuta, wangu akazaliwa kama njiwa, hata kunyonya akashindwa. Zahanati wanasemaje?"

"Damu imepungua. Wamenipa vidonge, lakini mama mkwe kanikataza. Eti vinamnenepesha mtoto."

Mhina aliona mama mkwe ana maneno mengi kwa mtu asiyekwenda kuzaa.

"Na siku ya kuzaa ukimwaga damu usiyo nayo?" yule mama akauliza.

"Na akikwama tena, mama, utamtoa wewe?"

Binti akageuka nyuma, midomo yake imepauka. "Shikamoo, baba. Naomba kiberiti."

"Marahaba," alisema Mhina, kiberiti kimo mkononi mwake, ndani ya mfuko wa koti.

Basi likasimama Korogwe, hajakitoa. Binti alikuwa bado anamtazama.