Filamu Iliyokunjuliwa Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka binti aliyetutoka akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa fundi saa. Wateja walimwita Mkono Mwepesi. Habari zake zimetufikia kwa barua ya mama yake mzazi, naye ameomba tusimpambe.

Mteja mmoja alimletea binti kamera kuukuu, nzito kama tofali. Ni zile za filamu pana: filamu moja, picha kumi na mbili, basi. Binti akaitengeneza, mwenye nayo akamwachia moja kwa moja. Moyo wake ukahamia humo.

Kamera hiyo haiwekwi jichoni. Inaning'inia tumboni, unaichungulia kwa juu. Jirani akamnong'oneza mama, "Shoga, mwanao kutwa anatazama tumbo na kutabasamu. Wewe umelala?"

Mama akaanza kuunganisha dalili. Dirisha la bafu limezibwa kwa blanketi jeusi. Taa nyekundu. Harufu kali kama siki. Mlango umefungwa kwa ufunguo, mchana kweupe. Akiulizwa, binti anajibu kuwa anasafisha picha. Picha gani hizo za kujifungia? Mama akaona anafanywa mtoto. Akanusa nguo. Akatega sikio mlangoni. Akasikia maji tu, na hayo maji nayo akayatilia shaka.

Siku hizo mama mdogo alikuwa akimsumbua binti: unawapiga picha watu wote, yako ya ukutani iko wapi? Binti akakubali. Wiki nzima akajipiga mwenyewe, kazini, jikoni, mlangoni. Picha kumi na mbili, zote zake. Mama hakujua.

Jumapili asubuhi binti akatoka kutafuta dawa za kusafishia. Filamu ikabaki mezani, imeviringishwa kwenye karatasi yake. Filamu ambayo haijasafishwa ikiona mwanga imekufa, wasikilizaji. Hilo nalo mama hakulijua. Akaikunjua yote dirishani, akitafuta sura ya mwanamume. Hakuona kitu. Roho ikamtulia. Akaiviringisha vizuri, akairudisha palepale.

Jioni filamu ikatoka nyeusi tii. Picha kumi na mbili, zote nyeusi.

Binti hakumshuku mtu. Aliishuku kamera. Siku tatu aliifungua mezani, skrubu moja moja, akitafuta tundu linalopitisha mwanga. Akamwita mama amshikie tochi.

"Sijui nimekosea wapi, mama."

Mama akashika tochi. Binti alipotaja mwanga, akalikumbuka dirisha, akaendelea kumulika tu.

Wiki hiyohiyo homa ikamwangusha binti. Siku ya nne akatutoka.

Msibani ikatafutwa picha yake. Ikapatikana ya kitambulisho cha kazi, jicho moja limefumba. Mama mdogo akawa anawaeleza wageni kwamba mtoto alijipiga nzuri kabisa, ila kamera ilikuwa mbovu. Mama aliyasikia. Akanyamaza mara ya pili.

Kwa mama, kwa mama mdogo, na kwa mafundi waliokaa naye meza moja, poleni sana. Tupo pamoja nanyi. Nawe mzazi unayetusikiliza, kama kuna mlango nyumbani kwako unaoutilia shaka, gonga, uliza, usubiri kujibiwa. Na kama umeshafungua kisicho chako, kiseme leo, angali yupo wa kuambiwa.

Barua ya mama inaishia hivi: "Msiseme kamera ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzima. Filamu niliifungua mimi."