Traki ya Nane ya Mzee Sevu

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kadhaa (alizihesabu mwenyewe, msituulize), fundi sauti wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua yake ya ajira ina jina refu, lakini katika jengo hili la redio hakuna anayelitumia. Kwetu yeye ni Mzee Sevu.

Alianza kazi enzi za mikanda ya sauti, wakati kosa la msomaji lilikatwa kwa wembe na ncha mbili zikaunganishwa kwa gundi. Kompyuta zilipokuja, wenzake wa rika lake walizikwepa. Yeye alibeba kitabu cha maelekezo Ijumaa, akarudi Jumatatu akiwa mwalimu wetu sote.

Jina la Sevu lilitokana na utaratibu wake wa kufungua mradi mpya wa kurekodi. Kwanza mradi unapewa jina: tarehe, kipindi, msomaji. Kisha anachagua folda na kuusevu, yaani kuuhifadhi kwenye kompyuta, ukiwa bado mtupu. Hapo ndipo anapanga traki, yaani ile mistari ya kwenye skrini, mmoja kwa kila maikrofoni. Aliyegusa kitufe chekundu cha kurekodi kabla ya kusevu alianzishwa upya, hata awe mkurugenzi. Mkurugenzi aliwahi kuanzishwa mara mbili. Mimi niliwahi kuuita mradi "Mpya", uliofuata "Mpya kabisa", na wa tatu "Mpya wa mwisho". Mahojiano ya saa nzima yakapotelea humo kwa siku mbili. Mzee aliyapata, akanikabidhi, na kwa mwezi mzima akanisalimia kwa jina la Mpya Kabisa. Tulimwona msumbufu hadi siku umeme ulipokatika kwaya ya watu arobaini ikiwa katikati ya wimbo. Tulipoteza kikohozi kimoja tu.

Sasa niseme jambo linalonilemea, maana nikiliruka wasifu huu utakuwa wa uongo.

Ili kuturahisishia kazi, Mzee alituandalia mradi wa mfano wenye traki nane, ambao tunaunakili kila tunapoanza kurekodi. Nilipoajiriwa, miaka sita iliyopita, niliona traki ya nane imeandikwa "Shangazi" na haina kitu. Wakati huohuo Kasuku, msomaji wetu wa hadithi za watoto (tunamwita hivyo kwa kuwa hanyamazi), alikuwa akirekodiwa kwenye traki iliyoandikwa "Mgeni". Nikaifuta ile tupu. Kesho yake nikaikuta imerudi. Nikaifuta tena, ikarudi tena. Ulimi hauna mfupa: nikasimama kwenye kikao cha wafanyakazi wote, nikalalamika kwamba kuna mtu anatuharibia mradi wa mfano. Kila mtu akainamia meza. Mzee Sevu akaomba radhi, akasema ni yeye, na kwamba siku ya kustaafu ataiondoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mama wa mapokezi ndiye aliyenieleza, tulipokuwa tunashuka ngazi. Shangazi alikuwa msomaji wa hadithi hizo kabla ya Kasuku, na ni mke wa Mzee. Alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa koo alimwambia mumewe: "Nafasi yangu usimpe mtu, nitarudi." Alirudi nyumbani akiwa hai, ila sauti haikurudi. Nilikwenda kumwomba Mzee msamaha, na kabla sijamaliza akaniambia nikaangalie waya wa maikrofoni ya pili, unakwaruza. Tangu siku hiyo, kila nilipofungua mradi mpya, niliuona mstari ule mtupu nikaona haya.

Ijumaa iliyopita, kwenye zamu yake ya mwisho, Mzee alikuja na mkewe. Alimketisha mbele ya maikrofoni, akafungua mradi mpya: tarehe, kipindi, Shangazi. Akachagua folda. Akasevu. Kisha akaiwasha traki ya nane na kubonyeza kitufe chekundu. Shangazi alifungua kitabu cha hadithi akakisoma kwa midomo tu, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye skrini mstari ulitikisika kidogo karatasi ilipogeuzwa, na tena alipovuta pumzi. Kasuku tulikuwa naye chumba cha mitambo. Sote tulilia, wala siandiki hivyo kwa kupamba.

Walipomaliza, Mzee akafungua mradi wa mfano ili atimize ahadi yake. Alikaa na mkono juu ya kipanya, asiifute. Shangazi akasogeza kiti, akavuta kibodi upande wake, akalifuta jina lake herufi moja moja. Mahali pake akaandika "Kasuku". Ikabaki kusevu. Mzee, aliyetufokea miaka yote hii tusevu kwanza, hakuweza. Mkewe akamshika mkono, wakabonyeza pamoja.

Ahsante, Mzee wetu, kwa masikio yako, kwa subira yako, na kwa kunisamehe bila kuniacha nimalize kuomba. Tunawaombea wewe na Shangazi afya njema na siku nyingi za kukaa pamoja bila haraka. Ule mradi wa Ijumaa tumeutunza mahali tunapopajua sote, na jina lake nimelihakiki mwenyewe: tarehe, kipindi, msomaji.